Nati Tano, Zisizokaangwa

Kwa kuwa ndugu yangu wa bodaboda ameshaitangaza hii habari hapa Mtwara kuanzia Shangani mpaka Chikongola, tena kwa chumvi yake mwenyewe, naomba niisimulie mimi niliyeaibika. Anasema nilifunga tairi kwa korosho nikakaza na spana. Uongo. Spana sikuishika. Na korosho kwenye bolti sikuiweka mimi, aliiweka mzungu mwenyewe. Tulieni nifike.

Mnanijua, nauza korosho zilizobanguliwa, na mtaani nina sifa ya kujua Kiingereza. Sifa yenyewe nilijipa mimi. Basi juzi saa kumi na moja jioni akanipigia mama mmoja mwenye gesti: "Mwanangu, mgeni wangu kakwama Mikindani na gari. Anaongea mbio, simpati. Hebu zungumza naye wewe uliyesoma." Nikakohoa kidogo, nikaweka sauti ya redio. Mtandao ulikuwa unakata, upepo wa bahari unavuma kwenye simu kama mtu anapuliza moto.

Jamaa akasema amepoteza nut zake zote. Nut tano.

Sasa jamani, mtu yuko Mtwara, anasema nut, anaongea na muuza korosho. Ninyi mngefikiria nini? Nikaona moja kwa moja: mzungu alinunua korosho, zimeibiwa, anataka nyingine kilo tano. Nikamuuliza namba ngapi. Akajibu, "Twenty-one."

Hapo ndipo kengele ilipogonga nikaipuuza. Korosho nyeupe nzima zinapangwa kwa namba: 180, 240, 320. Namba ni idadi ya korosho zinazoingia kwenye ratili moja, kwa hiyo namba ikiwa ndogo korosho ni kubwa. 180 tu tunaiita mfalme. Ukinitajia 21, hiyo si korosho, hiyo ni kiazi. Nikamwambia kwa upole kwamba 21 hatuna, ila 320 ipo. Akashangaa: "Three hundred and twenty?" Nikamwambia ndiyo, na ni safi, watu wengi wanachukua hiyo. Kimya. Nikauliza na chumvi au bila chumvi? Akapiga kelele, "Salt? No! No rust!" Mimi nikasikia no roast. Nikaandika kwenye kiganja: kilo 5, bila chumvi, zisizokaangwa. Nikajipongeza. Mteja anayejua anachotaka raha sana.

Nikapanda boda na kilo tano za elfu ishirini na sita kila moja. Hesabuni wenyewe.

Mikindani si mbali, kilomita kumi hivi. Tumekuta gari limeegemea jeki upande wa baharini, watoto wamelizunguka, na bibi mmoja muuza mihogo kahamishia kabisa karai lake hapo ili asipitwe. Mzungu kachuchumaa, shati limekuwa ramani. Kumbe tairi lilipata pancha, akafungua nati zote tano akaziweka kwenye kifuniko cha rimu, kisha akakipiga teke bila kuona. Zote mtaroni, na mtaro una maji. Tairi la akiba kalipachika, kalizuia kwa goti lisidondoke. Hayo yote nimeyaelewa baadaye. Wakati ule niliona mteja kachoka, anahitaji korosho.

Hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, kama fundi anavyomfanyia msaidizi wake, akasema, "Nuts."

Nikachana nailoni kwa meno. Nikachagua tano, nzuri, zisizo na doa, nikamwekea kiganjani moja moja. Akafumba vidole. Macho yako kwenye bolti. Akashika moja kwa kidole gumba na cha shahada, akaisogeza mpaka kwenye ncha ya bolti, akaibana, akazungusha. Haikushika. Akairudisha nyuma kidogo, akazungusha tena, taratibu, kama mtu anayetafuta uzi wa bolti usije ukapishana. Mimi nimesimama nyuma yake natabasamu, nadhani ndivyo kwao wanavyoonja.

Ikasema ta! Pande moja likanasa kwenye grisi. La pili likadondokea kwenye kandambili yake.

Akalitazama. Akafungua kiganja, akazitazama nne zilizobaki, nyeupe, zimejikunja kama watoto wamelala. Shingo ikaanza kugeuka. Polepole. Watoto wakanyamaza. Mafuta tu ya mihogo ndiyo yaliyokuwa yanaongea.

"What is this?"

"Nuts, sir. No roast."

Akasimama, tairi likadondoka. "Are you nuts?"

Nami nikaona huyu anataka kujua asili yangu, nikashika kifua: "Yes, sir! Mimi nuts, baba yangu nuts, babu yangu Newala nuts kabisa. Mtwara yote nuts!"

Livingstone naye alipita Mikindani mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho. Nadhani yeye alikuwa na wakalimani.

Aliyeniua ni yule bibi. Akageuza muhogo, akasema, "Nzungu anataka nati, mwanangu. Ntu kashika tairi, ataomba njugu?"

Nati! Neno tumelitoa kwa Mwingereza, tukalivalisha irabu, nalitamka kila siku. Namba 21 ni spana. Rust ni kutu.

Mengine mafupi. Wa boda alipomaliza kugaagaa mchangani, alifungua nati moja moja kwenye matairi matatu mengine, akafunga hilo kwa nati tatu, wakatambaa mpaka mjini. Mke wa mzungu, aliyekuwa amekaa garini anakula sampuli, alinunua kilo moja. Nne nilirudi nazo.

Usiku sikulala, nikafungua kamusi. Nut: tunda kavu la gamba gumu. Nut: nati. Nut: chizi, au mtu aliyezidiwa na mapenzi ya kitu. Maana ya nne siiandiki, mama mkwe yumo humu. Ila kilichoniuma ni hiki. Wataalamu wa mimea wanasema korosho si nut, ni mbegu inayoning'inia chini ya bibo. Nazi nayo Mwingereza kaiita nut, na si nut. Karanga kaipa hilohilo jina, na ni jamii ya maharage. Yaani pwani nzima hii tumezungukwa na nut za uongo, na za kweli pekee siku ile zilikuwa tano, ziko mtaroni.

Leo asubuhi nimefungua biashara nikakuta mezani kifurushi cha nailoni kimefungwa vizuri. Ndani nati moja. Nimeipima kwa spana ya jirani, ni 21. Haina kutu.