Deni la Mayai 11110

Nilipoingia Senior 5 nilikimbia hesabu nikajificha kwenye ICT, yaani kompyuta. Nilidhani ni somo la kubofya-bofya na kuangalia mpira. Wiki ya kwanza tu umeme ukakatika, ticha akachukua chaki, na tangu siku ile kompyuta nikaisomea ubaoni.

"Kompyuta ni kama taa hiyo hapo juu," akasema. "Inajua mambo mawili tu: umeme upo, umeme haupo. Upo ni 1, haupo ni 0."

Tukaitazama taa. Ilikuwa 0. Ilikuwa 0 tangu Jumatatu.

Basi akatufundisha bainari, yaani kuandika namba kwa 1 na 0 tu. Unaanzia kulia: nafasi ya kwanza ni 1, ya pili 2, ya tatu 4, halafu 8, halafu 16, kila moja mara mbili ya iliyotangulia. Ukitaka 13, unawasha 8, 4 na 1, unazima 2: 1101. Mimi mkimbizi wa hesabu nikanogewa kabisa, nikawa naandika hata tarehe kwa bainari.

Likizo nikaenda Bombo kwa mjomba. Duka lake liko kando ya barabara ya Gulu, na nusu ya wateja wake ni wanajeshi wa kambini, ndiyo maana Kiswahili cha pale kina amri nyingi kuliko salamu. Mjomba akaenda Kikuubo, Kampala, kuleta mali, akaniachia duka siku nne pamoja na daftari la madeni. "Kila kitu uandike," akasisitiza.

Nikaandika. Kwa bainari. Sababu niliiona ya busara sana: wateja wetu wana tabia ya kuchungulia daftari wajue jirani anadaiwa nini. Sasa wachungulie!

Mjomba alirudi usiku wa manane, na kwa kuwa ulikuwa mwisho wa mwezi, alfajiri alichukua daftari akaenda kudai. Mimi nimelala fofofo.

Alianza na kijana wa rolex, zile chapati za kukunjia mayai, aliyekopa trei moja ya mayai. Trei ni mayai 30, yaani 11110. Mjomba akatoa simu, akapiga hesabu: mayai elfu kumi na moja mia moja na kumi, kila moja shilingi 500, jumla 5,555,000. Nasikia kijana alikaa chini kwenye unga. Akaapa kwamba kuku wote wa Bombo wakitaga kwa zamu, usiku na mchana, hawawezi kufikisha deni hilo. Mjomba akamwambia atalipa kidogo kidogo.

Kilichoniamsha mimi ni buti mlangoni.

"Yuko wapi huyo karani?"

Alikuwa Afande, mrefu kama mlingoti. Nyuma yake mkewe, mikono kiunoni. Nyuma ya mke, mjomba na daftari lake.

"Sukari kilo mia moja na moja!" mke akaanza kabla sijapiga mswaki. "Mwanamume amekopa sukari kilo mia moja na moja! Nataka kujua anamnywesha chai nani, kijiji gani!"

"Si mia na moja, mama," nikasema, magoti yakigongana. "Ni moja-sifuri-moja. Ni kilo tano."

"Mpwa wangu amerukwa na akili," mjomba akawaambia kwa upole, kama anayeomba rambirambi.

Nikaona maneno hayatoshi. Nikaita watoto watatu waliokuja kununua mandazi, nikawapanga mstari: huyu wa kushoto ni nne, wa katikati mbili, wa kulia moja. Aliyesimama anahesabiwa, aliyechuchumaa hahesabiwi.

Hapo Afande akachangamka. Kitu cha kusimama na kuchuchumaa alikielewa mara moja. "Wa katikati, chuchumaa!" Mtoto akachuchumaa. "Nne na moja… tano! Sawa! Wote, simama! Saba! Kushoto, chuchumaa! Tatu!" Watu wakajaa. Kijana wa rolex naye akafika, akaomba deni lake lipigwe gwaride. Nikaongeza watoto wawili kushoto, wa 16 na wa 8, tukamchuchumaza wa mwisho kulia, ikapatikana thelathini, kijana akamkumbatia mtoto wa 16. Mjomba alikuwa akifuta jasho kwa kurasa za daftari.

"Umesikia?" Afande akamgeukia mkewe, kifua mbele. "Kilo tano! Tano tu!"

Mke hakujibu. Alikuwa anawatazama watoto. Akawatoa wawili wa kushoto, wakabaki wale watatu wa kwanza. Akamshika wa kushoto bega, akamchuchumaza taratibu. Akawasimamisha wa mbili na wa moja.

"Hii ndiyo iliyofika nyumbani," akasema. "Sivyo, mwanangu?"

Nikahesabu. Tatu. Nikatamani umeme wa dunia nzima ukatike.

Kisha akamchuchumaza na wa kulia. Akabaki mtoto wa katikati peke yake, amesimama, mandazi mdomoni.

"Na huyu, Afande," mama akauliza, "huyu amelala nyumba gani?"