Mbwa wa polisi akistaafu, nani amtibu?

Hapa Florida ninakoishi, tangu 2022 kuna sheria inayomrudishia fedha anayemtunza mbwa mstaafu wa polisi: hadi dola 1,500 za matibabu kwa mwaka. Sharti mbwa awe ametumikia miaka 5, au 3 kama aliumia kazini na kushindwa kuendelea. Unapeleka risiti za daktari wa mifugo, unalipwa.

Mbwa akiwa kazini, anatibiwa na idara. Akistaafu, mara nyingi anahamia nyumbani kwa askari wake, na ndipo maumivu ya kazi yanapojitokeza: nyonga zilizochakaa kwa kuruka kuta, meno yaliyovunjika, viungo vinavyokakamaa. Mshahara wa askari haukupangwa kwa hayo. Umma ndio uliomtuma kuruka zile kuta, basi umma ulipe. Polisi wa Nottinghamshire, Uingereza, walianza 2013 kumlipia kila mbwa mstaafu hadi pauni 500 kwa mwaka, lakini kwa miaka 3 tu, ilhali mbwa huzidi kuugua kadiri anavyozeeka.

Nikilisema hili nyumbani Tanzania naambiwa: walimu wastaafu wanalilia kikokotoo cha mafao yao, wewe unatuletea mbwa? Kilio hicho nakijua, mama yangu mkubwa ni mwalimu mstaafu. Lakini mbwa wa polisi ni wachache, na kuwatelekeza hakutamwongezea mwalimu hata senti.

Wengine hunikumbusha kwamba mbwa ni najisi. Nimelelewa Tanga, chuoni, yaani madrasa, tulisomeshwa kuosha mara saba chombo alicholamba mbwa. Tulisomeshwa pia habari ya yule mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Mafundisho yote mawili yalitoka kwa maalimu mmoja.

Na kazi yao tunaifaidi. Mbwa waliofundishwa Usa River, Arusha, kunusa pembe za ndovu walipelekwa hadi Dar es Salaam na Mombasa. Pua ile inalinda mali ya taifa.

Ninaomba Wizara ya Mambo ya Ndani itenge fungu, iweke kikomo cha mwaka kwa kila mbwa mstaafu, na bili zilipwe moja kwa moja kwa daktari. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) pale Morogoro wana hospitali ya wanyama, tuanzie hapo. Utaratibu wa Florida wa kulipa kwanza ndipo urudishiwe tusiuige, kwa sababu askari asiye na akiba hata mlango wa daktari hataufikia.