Turbo au bila turbo: Porsche 718 inavyouanika ubishi wa wapenzi wa magari ya spoti

Chukua Porsche Cayman mbili za familia ya 718 zinazofanana kwa sura. Ya kwanza ni Cayman S iliyotoka mwaka 2016, yenye injini ya lita 2.5, silinda nne na turbo. Ya pili ni GTS 4.0 ya mwaka 2020: lita 4.0, silinda sita, turbo hakuna. Ukisoma makaratasi yao utakuta torki ya juu kabisa, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, ni ileile, Nm (neutonmita) 420. Kinachotofautiana ni mahali inapopatikana. Yenye turbo inaitoa yote tangu mizunguko 1,900 kwa dakika na kukaa nayo hadi 4,500. Isiyo na turbo inakusubirisha mpaka 5,000, halafu inaendelea kuzunguka mpaka mshale ufike 7,800.

Ubishi wote wa turbo na wasio-turbo umo humo, ingawa watu huubisha kana kwamba ni habari ya kasi. Kasi ilishaamuliwa. Ferrari 458 Italia, gari ambalo mashabiki bado wanalililia, lilikuwa na V8 (silinda nane) ya lita 4.5 yenye nguvu za farasi 570, ikizunguka hadi 9,000. Mwaka 2015 ikaja 488 GTB, lita 3.9 na turbo mbili, farasi 670. Injini ndogo zaidi, farasi mia zaidi. Hapo hakuna la kujadili.

Injini isiyo na turbo inavuta hewa kwa pistoni zake tu, kwa hiyo ikitaka nguvu zaidi lazima ama iwe kubwa ama izunguke haraka. Turbo inatumia moshi unaoelekea kwenye ekzosi: moshi unazungusha tabini (feni ndogo), na tabini inazungusha kompresa inayoshindilia hewa ndani ya silinda. Tatizo ni kwamba moshi wenyewe lazima uwepo kwanza. Unakanyaga mafuta, kunapita kitambo, ndipo nguvu inakuja. Kwenye Porsche 911 Turbo ya kwanza, ya mwaka 1975, kitambo hicho kilikuwa kirefu na nguvu ilikuja kwa mkupuo. Kwa gari lenye injini nyuma ya magurudumu ya nyuma, mkupuo huo ukikukuta katikati ya kona ulikuwa mtihani. Turbo za leo zimepona sehemu kubwa ya ugonjwa huo, na anayezihukumu kwa gari la 1975 hazitendei haki.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun isiyo na turbo. Ari Vatanen akafuata 1983 na Opel Ascona 400, nayo bila turbo. Mwaka 1984 Björn Waldegård akaleta Toyota Celica yenye turbo na kushinda, na kuanzia hapo mpaka Safari ilipoondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, kila gari lililoshinda lilikuwa na turbo: Audi, Lancia, Toyota, Mitsubishi, Subaru, Ford. Vijana waliokua wakisikia milio ile ya mabomu kwenye ekzosi za Subaru Impreza hawahitaji kuelezwa kwa nini bado wanaitafuta mpaka leo kwenye yadi za magari ya mtumba.

Tena kuna jambo ambalo watu wa Porsche kule Stuttgart hawalioni kila siku. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni hafifu kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 15. Injini isiyo na turbo haina la kufanya. Hewa ikipungua, nguvu inapungua. GTS 4.0 yenye farasi 400 pale Nyali inabaki na kama 340 ukiifikisha Westlands. Cayman S ya turbo ina farasi 350 kwenye makaratasi, na huko juu turbo inazunguka haraka zaidi kufidia, kwa hiyo sehemu kubwa ya farasi hao inabaki, ingawa joto linaongezeka. Kwa maneno mengine, ukilipandisha Nairobi gari lenye injini kubwa, ile tofauti ya nguvu uliyoilipia imeyeyuka njiani.

Kwa nini basi Porsche ilirudi kwenye injini isiyo na turbo, hii ya lita 4.0, miaka michache tu baada ya kuweka turbo? Walalamikaji walisema turbo imeua roho ya gari. Mimi nadhani waliyemshitaki siye. Mwishoni mwa 2015 Porsche iliweka turbo kwenye 911 Carrera ya kawaida pia, lakini ikaliachia silinda zake sita, na manung'uniko yake hayakufika hata nusu ya yale ya 718. Kilichowaudhi wanunuzi wa 718 ni silinda mbili zilizoondolewa, na mlio mkavu wa silinda nne uliobaki. Turbo ilikuja siku hiyohiyo, ikabebeshwa kesi yote. Mtu anaposema hapendi turbo, inafaa umuulize kwanza kama anazungumzia turbo au anazungumzia sauti.

Sauti si jambo dogo, nakubali. Tabini iko katikati ya njia ya moshi na lazima inyonye sehemu ya mlio. BMW M5 ya 2011 ilipowekewa turbo mbili, ilianza kupitisha sauti ya injini kwenye spika za ndani. Mtengenezaji akifika mahali pa kucheza sauti ya injini kama anavyocheza redio, anajua kuna kitu kimepungua.

Hoja nzito zaidi ya upande usio na turbo, kwangu, ni kile kinachotokea mguuni. Katikati ya kona ndefu, matairi yakiwa karibu kuachia, dereva anaongeza mafuta kidogo kidogo na anataka injini ijibu kwa kiasi kilekile, wala si zaidi, wala baadaye. Injini inayojivutia hewa inafanya hivyo bila kufikiri. Ferrari wenyewe walilijua hilo: kwenye 488 walibana torki katika gia za chini, na zile Nm 760 zinazotajwa unazipata gia ya saba peke yake, ili gari liendelee kuvuta zaidi kadiri mizunguko inavyopanda. Yaani walitengeneza turbo, kisha wakaifundisha kujifanya si turbo.

Ila hoja hiyo ina tundu ambalo mashabiki hawapendi kulichungulia. Kwenye GTS 4.0 ya gia za mkono, gia ya pili inafika kama km 134 kwa saa kabla ya mstari mwekundu, yaani kikomo cha mizunguko ya injini. Kikomo cha juu Kenya ni km 110. Kwa hiyo ule utamu wa kutoka 5,000 hadi 7,800, ndio hasa uliokufanya ukatae turbo, unaupata wote gia ya kwanza tu. Ukiingia ya pili unakaribia kumalizika wakati tayari umevunja sheria. Kwa Ujerumani yenye barabara zisizo na kikomo, sawa. Kwa barabara ya Naivasha yenye malori, yule wa Cayman S anayepata torki yake yote kwenye 1,900 anapita lori na kurudi upande wake bila hata kubadilisha gia.

Na tusijidanganye kwamba wenye magari ndio walioamua lolote hapa. Umoja wa Ulaya uliwabana watengenezaji kwa wastani wa gramu 130 za kaboni dayoksaidi kwa kilomita, kisha 95 kuanzia 2020. Kipimo cha zamani cha maabara kiliendeshwa polepole mno, kiasi kwamba injini ndogo ilimaliza jaribio bila kuitumikisha sana turbo yake, ikatoka na namba nzuri kuliko ilizopata barabarani. Kipimo kipya kilipoanza 2017 kwa mwendo mkali zaidi, hila hiyo ilipungua thamani. Injini kubwa ikaanza tena kuonekana si mbaya hivyo, hasa ile ya Porsche inayozima silinda tatu za upande mmoja inapokuwa haina kazi.

Mafundi watakwambia turbo ni gharama. Ni kweli inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikitegemea oili ya injini, na oili chafu huimaliza. Lakini injini za mizunguko mingi nazo zina madeni yake; waulize wenye BMW M3 ya E46 (kizazi cha miaka ya 2000) habari za beringi zinazochakaa mapema.

Kinachonifanya nisichukue upande wowote kama imani ni Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ. Zilitoka 2012 na lita 2.0 bila turbo, farasi 200, Nm 205, na bonde la torki, yaani mahali inapolegea, karibu na mizunguko 4,000 ambalo kila aliyeliendesha alilihisi. Mashabiki walewale wanaolilia 458 wakapiga kelele miaka kadhaa: wekeni turbo! Kizazi cha pili kilipokuja 2021, kampuni hizo ziliongeza ukubwa tu, zikafika lita 2.4 na Nm 250 kwenye mizunguko 3,700, turbo hapana. Bonde likafukiwa. Inaonekana walichokuwa wakikidai ni torki ya katikati, na turbo ilikuwa jina la karibu zaidi waliloweza kuliita.

Ndiyo maana nikiambiwa nichague gari lisilo na turbo kwa barabara zetu, naipita Cayman ya lita 4.0 pamoja na mlio wake wote. Nachukua 86, hata ile ya kwanza, hata baada ya Nairobi kuinyang'anya farasi wake thelathini. Gia yake ya pili inaishia karibu na km 97 kwa saa: unaifikisha mpaka mstari mwekundu, unaingiza ya tatu, na bado hujafika 110.