Kwa nini mama ntilie wa Dar na muuza chipsi wa Uingereza wote wanafunga

Kila mama ntilie anapofunga banda, mitandaoni kwetu maelezo ni yale yale: hana elimu ya biashara, amekula mtaji. Sikubaliani na maneno hayo. Huku Uingereza ninakoishi, wauza samaki na chipsi wana mhasibu wa kulipwa na mashine ya kutunza hesabu, na bado wanafunga. Samaki na chipsi ndicho chakula cha fundi na mzee wa pensheni huku, kama ulivyo wali maharage Dar es Salaam. Shida yao na ya mama ntilie ni ile ile: mteja ana bei yake kichwani, ukiipandisha anahama. Na karibu wote wanaokudai, kuanzia serikali, hukata chao kwenye mauzo kabla hujajua kama kuna kilichobaki.

Chukua boksi moja la pauni 10. Chakula cha moto kinatozwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 20, ambayo tayari imo ndani ya bei, kwa hiyo pauni 1 na peni 67 si za muuzaji. Tena samaki mbichi na viazi vibichi havitozwi VAT kabisa. Mwenye duka la simu hutoa VAT aliyolipa alipokwenda kununua jumla, akapeleka serikalini tofauti tu. Muuza chipsi manunuzi yake makubwa hayana VAT, kwa hiyo cha kutoa ni kidogo, labda kwenye maboksi, gesi na umeme. Anapeleka karibu yote.

Kujisajili kwa VAT ni lazima mauzo yakivuka pauni 90,000 kwa miezi 12. Kwa mtu wa nyumbani hizo ni hela nyingi, lakini duka linalofungua siku sita kwa wiki linafika hapo kwa kuuza maboksi 29 kwa siku. Ukishavuka hulipi kwa kile kilichozidi tu, unalipa kwa kila boksi. Wengine hufunga siku moja zaidi kwa wiki makusudi ili wasivuke. Wakati wa korona serikali ilishusha VAT hiyo hadi asilimia 5 kuanzia Julai 2020, ikaipandisha hadi 12.5 Oktoba 2021, na Aprili 2022 ikarudi 20. Ilirudi wakati mbaya kuliko wote: vita vya Ukraine vilikuwa vimeanza, mafuta ya alizeti yameadimika, bei ya gesi iko juu. Ile bei kikomo ya gesi na umeme inayolinda kaya za Uingereza haihusu biashara.

Samaki nao. Chewa wa huku, yule wa bahari ya baridi aitwaye "cod", wengi wao hutoka Bahari ya Barents, kaskazini mwa Norwei na Urusi, na nchi hizo mbili hupanga kila mwaka kiasi cha kuvua. Mwaka 2021 kilikuwa zaidi ya tani 880,000. Mwaka 2025 kilishuka hadi tani 340,000, kiasi ambacho wakati huo kilikuwa kidogo kuliko mwaka wowote tangu 1991. Juu yake kuna ushuru wa nyongeza wa asilimia 35 kwa samaki wa Urusi, uliowekwa Julai 2022. Kima cha chini cha mshahara kwa mtu mzima kilikuwa pauni 8.21 kwa saa Aprili 2019, na Aprili 2025 kikawa 12.21. Mimi nauunga mkono mshahara huo, mfanyakazi naye anapanga nyumba. Kelele nyingine, ile ya mchango wa bima ya taifa anaolipa mwajiri, uliopanda hadi asilimia 15, kwa duka dogo imetiwa chumvi: kuna msamaha wa pauni 10,500 kwa mwaka unaowafunika wengi wao.

Kinachosahaulika ni kikaango chenyewe. Mafuta yanatakiwa kukaa kwenye nyuzi 175 hadi 180 saa zote za kazi, mteja awepo asiwepo. Yakishuka chipsi zinanywa mafuta, yakizidi yanaharibika upesi na kutoa moshi. Maji, chumvi na vipande vya unga ndivyo vinavyoyaua, kwa hiyo huchujwa kila siku. Viazi navyo vikihifadhiwa kwenye baridi kali, wanga hugeuka sukari, chipsi zinakuwa nyeusi nje huku ndani hazijaiva, na unatupa. Duka lenye wateja 15 halichomi robo tu ya gesi ya duka lenye wateja 60, linachoma zaidi.

Sasa rudi Dar. Hii ni hesabu ya mfano, weka bei za mtaani kwako. Mchele kilo 10 kwa 2,800 ni shilingi 28,000. Maharage kilo 4 ni 12,000. Mafuta ya kula 8,000, nyanya, vitunguu, nazi na chumvi 10,000, mboga za majani 7,000, maji 2,000, mkaa 10,000, msaidizi 8,000, eneo, usafi na ulinzi 4,000. Jumla 89,000. Kilo ya mchele hutoa kama sahani saba, kwa hiyo una sahani 70. Kwa 1,500 kila moja, ukiuza zote unapata 105,000 na faida ni 16,000, nayo ndiyo mshahara wa mtu aliyeamka saa kumi alfajiri.

Zikibaki sahani kumi, au wateja kumi wakisema "niandikie kwenye daftari", faida ni 1,000. Mchele ukipanda shilingi 400 kwa kilo, robo ya faida imeondoka. Bei ya mchele ilipopaa mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023, wengi hawakugusa bei ya sahani, walipunguza upawa. Ukitoa sahani nane kwa kilo unapumua wiki mbili tatu, halafu mafundi wa saiti wanaona, na wakihama wanahama wote. Mapema 2024 sukari ilipoadimika, wauza chai na chapati walikuwa katika mtego huo huo.

Mama ntilie ana nafasi moja ambayo muuza chipsi hana: anaweza kupika nusu ya sufuria leo akisikia saiti haina kazi. Mwenzake huku kodi ya pango haipungui, na mikataba mingi ina kifungu kwamba kodi ikipitiwa upya inaweza kupanda tu. Lakini muuza chipsi ana mkataba, hawezi kuamshwa aambiwe eneo si lake. Dar, Oktoba 2021, wafanyabiashara wadogo walipoondolewa barabarani, waliopoteza zaidi walipoteza wateja wanaopita, na mteja wa sahani ya 1,500 hapandi daladala kukufuata soko jipya. Mama ntilie anahitaji eneo la kudumu karibu na stendi na saiti, lenye maji na umeme, kabla ya kuhitaji mkopo. Mikopo ya halmashauri, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake, ni kitu kizuri, lakini iliposimamishwa Aprili 2023, waliojaza pengo walikuwa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, na marejesho ya kila siku hayalipiki kwa faida ya 16,000.

Kodi nayo. Kodi ya makadirio nyumbani hutazama mauzo ya mwaka, na msamaha unaishia shilingi milioni 4. Banda la mfano wetu, kwa siku 26 za mwezi, linauza zaidi ya milioni 32 kwa mwaka. Kwenye karatasi anaonekana tajiri. Ni kosa lile lile la boksi la pauni 10, na ningependa tulirekebishe sisi kwanza: chakula cha bei ya chini kipimwe kwa kinachobaki.

Kuhusu nishati, mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu haufai kubeba sufuria ya lita 20, unayumba na ni hatari. Linatakiwa jiko la chuma la chini, mpira na regyuleta, na mtungi mkubwa. Tatizo ni kwamba gesi inadai hela zote kwa mkupuo, mkaa unanunulika kwa kopo hata kama unakuja kuwa ghali zaidi. Aliye na umeme aanze na maharage, maana ndiyo yanayokula mkaa: loweka usiku kucha, mwaga maji, pika kwenye presha kuka ya umeme. Kilo moja hutumia chini ya uniti moja.

Nanyi mnaotuma hela kutoka huku, badala ya mtaji wa kupanua banda, nunueni mchele wakati wa mavuno, kati ya Mei na Julai, bei ikiwa chini. Banda kama hili linatumia kilo 260 kwa mwezi, yaani magunia matatu ya kilo 100 kasoro. Lipeni muuzaji moja kwa moja, magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, na yakaguliwe wadudu kila wiki.