Eti "ni vitu tu"

Kila nyumba za mbao zinaposhika moto katika mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, iwe mtaa wa Birere au Majengo, moshi haujaisha utamwona mtu mwenye viatu safi akiwaambia waliobaki na nguo za mwilini: "Mumshukuru Mungu, mko wazima. Vile ni vitu tu." Vitu tu! Msemaji mwenyewe usiku huo analala kwenye godoro lake.

Haya, uhai unapita sahani. Nani alibisha? Mama aliyebeba mtoto akaacha sufuria alilijua hilo kabla ya mhubiri kufika. Ila tuvihesabu hivyo vitu.

Nyumba ya mbao si kibanda cha mvivu. Tangu lava ya volkano ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ipite katikati ya mji hadi ziwani, mitaa mizima imekaa juu ya jiwe. Hapo jembe halifanyi kitu. Unapasua kwa nyundo na mtaimbo, au unapanga mawe ya volkano, unasawazisha kwa changarawe na kusimamisha nguzo juu yake. Shimo la choo peke yake ni kazi ya siku nyingi. Mbao hununuliwa mbichi kwa kuwa ndiyo bei ya mfukoni. Kiangazi zinakauka, zinajipinda, nyufa zinafunguka, na upepo wa ziwa unaingia kulala na watoto. Nyufa zinazibwa kwa katoni na bache (turubai), navyo ndivyo vitu moto unavyovipenda kuliko vyote. Nyumba nazo zimesogeleana hadi bega linagusa huku na huku. Bidoni (madumu) tatu za maji hazizimi kitu. Dawa ni kubomoa nyumba ya jirani kabla moto haujaifikia. Kwa hiyo kuna mtu anapoteza nyumba isiyoungua hata ubao mmoja. Naye tumwambie ashukuru?

Bati ndilo ghali kuliko yote. Msumari wake hupigwa mgongoni mwa wimbi. Ukiupiga bondeni, mvua ya kwanza itakuonyesha. Na hata ukipiga vizuri, moshi wa Nyiragongo hutia mvua asidi na kutu inawahi. Watu hununua bati moja leo, jingine baada ya miezi.

Bidoni ya manjano, lita 20, inayeyuka mapema. Mwenye nyumba ya bomba hawezi kujua maana yake: bidoni ndiyo inayopanga foleni kwa niaba yako. Ukisubiri ya kuazima, unafika wa mwisho, na mtoto anakwenda shule bila kunawa uso.

(Mbabula, jiko la makaa, inapona. Chuma kibaya kina bahati.)

Halafu kesho yake watu wanachekecha majivu kutafuta misumari. Inaonekana mizima, lakini moto umeilegeza: ukiigonga inalala. Bati lililoungua nalo limepoteza zinki yake. Utalirudisha juu, na kabla msimu wa mvua haujaisha limeanza kushika kutu. Kwa hiyo wanaosema "bado mna mabati" wanazungumza na macho yao tu.

Anayetaka kufariji aje na kilo mbili za misumari mipya, moja ya mbao na moja ya mabati, pamoja na bidoni moja yenye kifuniko. Mahubiri atayatoa wakati wengine wanapigilia. Asiyenacho ashike ubao upande wa pili, maana mtu mmoja hawezi kuunyoosha na kuupigilia peke yake.