Mia tano kwenye LUKU: nani ailipie redio ya taifa?

Ukitaka kuchafua mazungumzo kijiweni Kirumba au Mwaloni, hapa Mwanza, taja neno tozo. Watu wana sababu. Julai 2021 ilikuja tozo ya miamala ya simu, na kelele zikawa nyingi kiasi kwamba Septemba ilipunguzwa kwa asilimia 30. Agosti mwaka huo huo kodi ya majengo ikahamia kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kwa hiyo anayesimama leo kupendekeza kwamba kila kaya ichangie kwa lazima utangazaji wa umma, tuseme shilingi 500 kwa mwezi kwenye LUKU hiyo hiyo, kama wanavyochangia Wajerumani na Waingereza wenye televisheni, anaingia kwenye kidonda ambacho hakijapona.

Hata hivyo hoja yake haijapata haki yake. Wengi wanaoipinga wanadhani swali ni tulipe au tusilipe, wakati kulipa tunalipa tayari. TBC, shirika la utangazaji la taifa, inaishi kwa ruzuku ya Hazina na matangazo ya biashara, na ruzuku ya Hazina ni kodi ya sabuni, sukari na vocha. Swali ni fedha hiyo ipite njia gani, na nani anaweza kuizuia njiani.

Turudi Januari 2016. Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, aliliarifu Bunge kwamba TBC itaacha kurusha vikao moja kwa moja, na sababu aliyoitoa ilikuwa gharama: shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Ikitajwa hivyo, bilioni 4.2 inatisha. Lakini igawe. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania milioni 44.9, kwa hiyo kila mmoja alikuwa anabeba kama shilingi 94 kwa mwaka mzima, bei ambayo hainunui hata andazi. Igawe kwa njia nyingine: kaya inayochangia shilingi 500 kwa mwezi inatoa 6,000 kwa mwaka, na kaya 700,000 za namna hiyo zinamaliza bilioni 4.2 yote. Kama fedha hiyo ingekuwa kwenye mfuko wake, umewekwa kisheria kwa kazi hiyo tu, neno gharama lisingetosha kufunga mjadala. Aliyetaka kamera zizimwe angelazimika kutoa sababu nyingine, aitetee mbele ya watu, na watu wangeipima. Ndiyo faida ya ada ambayo wapingaji wengi hawaioni: inawanyima wakubwa kisingizio cha bajeti.

Na Bunge ni mfano mmoja tu. Kwetu huku ziwani kuna jingine linalogusa roho za watu moja kwa moja.

Radi na dhoruba za Ziwa Victoria zina tabia ya usiku. Mchana nchi kavu inapata joto na upepo unavuma kutoka ziwani kwenda bara. Usiku bara inapoa, maji yanabaki na joto, upepo unageuka na kutoka kila upande wa ufuko kuelekea katikati. Hewa ikikutana pale inapanda, mawingu yanajengeka, na kati ya usiku wa manane na asubuhi yanapasuka. Saa hizo hizo ndizo za wavuvi wa dagaa, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa katika giza la mwezi. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa maji kila mwaka katika ziwa hili, nchi zote tatu kwa pamoja.

Sasa tazama ratiba. Taarifa kuu ya habari ni ya saa mbili usiku, na hali ya hewa huja mwishoni mwake. Boti za visiwa vya Ukara, Kome au Maisome zimeshatoka kabla giza halijaingia. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mvuvi anahitaji utabiri saa tisa alasiri, urudiwe saa kumi na nusu, wakati nyavu zinapakiwa na taa zinapachikwa. Tena asisomewe kwamba kutakuwa na mvua na ngurumo katika baadhi ya maeneo ya mikoa ya Mwanza, Mara, Kagera na Geita. Hilo halimsaidii mtu kuamua. Anahitaji sehemu ya ziwa, urefu wa mawimbi kwa mita, upepo unatoka wapi, na saa ambayo mambo yataanza kuharibika. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina wataalamu wa kuandaa hayo. Kazi inayobaki ni mtangazaji wa kuyasoma kwa lugha ya wavuvi, dakika tatu, kila siku, hata siku ambayo ziwa limetulia kama mafuta, kwa sababu anayesikiliza akishazoea kukosa huacha kufungua redio.

Nani atadhamini dakika hizo? Msikilizaji yuko kambini, hana mita ya umeme, ana redio ya betri na simu ambayo mtandao wake unakatika akishafika mbali. Kwa mwenye bidhaa, huyo si soko. Kwa Hazina, ni mstari mmoja mdogo wa bajeti unaoweza kuahirishwa bila mtu kupiga simu kulalamika.

Mtambo wenyewe pia unakula. FM husafiri karibu kama macho yanavyoona: antena iliyo mita 200 juu ya usawa wa ziwa inamfikia mvuvi aliye kilomita 60 hivi, ila vilima vya visiwani vinaweka kivuli, kwa hiyo lazima kuwe na mtambo mdogo wa kujazia upande wa pili. Mtambo wa kilowati 2 huvuta kama kilowati 3 kwenye mita. Ukiwaka saa 24 kwa siku 30 ni uniti 2,160. Kwa bei ya T1, kundi la matumizi ya kawaida, shilingi 292 kwa uniti, ongeza VAT asilimia 18, makato ya umeme vijijini (REA) 3 na ya mdhibiti wa nishati (EWURA) 1, uniti moja inafika kama 356 na bili karibu 770,000 kwa mwezi, kabla ya kiyoyozi, dizeli ya jenereta na mlinzi. Juu ya hapo weka radi. Vilima vya Mwanza ni mwamba, na mwamba haupitishi umeme vizuri kwenda ardhini. Fundi asiposhusha mkanda wa shaba hadi kwenye udongo wenye unyevu mpaka kipimo cha ukinzani kishuke chini ya omu 10, radi ya kwanza kubwa inapita kwenye kebo ya antena na kuchoma moduli za kukuza mawimbi. Baada ya hapo mtambo unafanya kazi kwa nusu ya nguvu, walioko ukingoni wanapoteza sauti, na kipuri kinasubiri robo ijayo ya mwaka wa fedha. Bili ile ya umeme ingelipwa na mita 1,540 zinazochangia mia tano mia tano. Mtaa mmoja mkubwa wa Igoma unakaribia idadi hiyo.

Upande wa pili una hoja, na iliyo nzito kuliko zote iko kwenye karatasi ya tokeni. Chukua mama wa Kayenze mwenye mita ya D1, ile ya matumizi madogo yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti yake ni kama 122 baada ya makato. Akinunua umeme wa 2,000 anapata uniti 16. Lakini ule wa kwanza wa mwezi hukatwa 1,500 ya kodi ya jengo, anabaki na 500, yaani uniti nne. Ongeza ada ya utangazaji ya 500 na anarudi nyumbani na tokeni isiyo na uniti hata moja. Hakuna hotuba juu ya uhuru wa vyombo vya habari itakayomfariji mtu huyo akiwa gizani. Na mara nyingi anayekatwa ni mpangaji, ambaye wala hana jengo. Nyumba ya vyumba sita yenye mita moja italipa ada moja. Jirani yake yenye mita tatu italipa tatu. Hayo si makosa madogo ya kurekebishwa baadaye. Yasipopangwa tangu mwanzo yataiua ada yenyewe.

Wapo wanaosema basi ada ifungwe kwenye king'amuzi au kwenye televisheni. Barani Afrika njia hiyo imejaribiwa na kukwama. Afrika Kusini ada ni randi 265 kwa mwaka, na ukinunua televisheni mpya dukani unatakiwa kuonyesha leseni. Bado zaidi ya asilimia 80 ya wanaopaswa kulipa hawalipi. Ghana walitenga mahakama za kuwashtaki wasiolipa, Januari 2018, na wakaambulia hasira za wananchi. Italia walijifunza: mwaka 2016 waliingiza ada kwenye bili ya umeme kwa awamu kumi, ukwepaji uliokuwa zaidi ya robo ya kaya ukaporomoka, na kwa sababu wengi walilipa, ada ikashushwa kutoka euro 113 hadi 100, kisha 90. Ufini walichagua kodi ya kipato yenye kikomo, na fedha ikawekwa nje ya bajeti ya kawaida. Ni njia ya haki kwao. Kwetu ingeangukia waajiriwa wenye hati ya mshahara, yaani walimu na wauguzi, na kumwacha mwenye maboti ishirini.

Redio na televisheni binafsi nazo zina haki ya kuuliza. Mwanza ni mji wa Radio Free Africa na Star TV. Kanda hii imekuwa ikipata habari kutoka chombo binafsi tangu miaka ya 1990 bila ruzuku. Chombo cha umma kikichukua ada na bado kikagombea matangazo yale yale ya simu na saruji, huo ni ushindani wa mtu aliyeshiba na mwenye njaa. BBC haiweki matangazo ya biashara ndani ya Uingereza. Ujerumani, shirika la umma ARD linaruhusiwa kwenye televisheni wastani wa dakika 20 tu za matangazo kwa kila siku ya kazi, kabla ya saa mbili usiku. Ada ikija, matangazo yapungue kwa kiwango kilichoandikwa.

Kisha kuna wasiwasi unaosemwa kwa sauti ya chini: tutalipa, na habari zitabaki zile zile za ziara za viongozi. Hapa watetezi wa ada wawe wakweli, kwa sababu ada peke yake haitoi uhuru. Uingereza serikali iliigandisha kwa pauni 145.50 tangu 2010 hadi 2017, ikaibebesha BBC mzigo wa idhaa za nje, na hati ya kifalme inayoiongoza BBC inamalizika Desemba 2027. Anayepanga kiwango ndiye mwenye kamba. Wajerumani walilijibu hilo vizuri zaidi. Tangu 2013 kila makazi hulipa, yawe na redio au la, na kiwango kinapendekezwa na tume ya wataalamu 16, KEF. Jimbo la Sachsen-Anhalt lilipozuia nyongeza ya kufika euro 18.36, mahakama ya katiba ililipindua Agosti 2021. Na Waswisi walipoulizwa kwa kura mwaka 2018 kama ada ifutwe, asilimia 71.6 walikataa.

Kwetu, basi, mpangilio ndio kila kitu. Kwanza sheria: mfuko ambao hauingii Mfuko Mkuu wa Serikali, bodi isiyoteuliwa na waziri peke yake, na tume ya kiwango inayochapisha hesabu. Pili ratiba ya wajibu inayopimika, na utabiri wa ziwa wa saa tisa alasiri uwe ndani yake kwa jina. Tatu mita zote za D1 zisiguswe, na mpangaji aweze kuhamisha ada kwa mwenye nyumba kwa namba ya kumbukumbu, kabla mita ya kwanza haijakatwa. Mita milioni tatu zinazobaki kwenye mpango, kwa mfano, zingeleta bilioni 18 kwa mwaka. Ikianza na makato, sheria ikaahidiwa baadaye, kijiwe cha Kirumba kitakuwa na haki ya kukataa, na mama wa Kayenze atakuwa wa kwanza kuhesabu uniti zake.