Jengo Wabomoe Wao, Vumbi Nile Mimi

Hapa London, jengo la ofisi linalotazamana na dirisha langu limehukumiwa kifo, ingawa kwa macho yangu halikuwa na ugonjwa wowote. Tangu asubuhi katapila linatafuna ghorofa ya tatu, na ukuta ulipofunguka nikaona choo cha watu, chenye vigae vya buluu na kioo kilichoning'inia bado, kisafi kuliko changu. Kwenye uzio wamebandika bango lenye jani la kijani, linaloahidi jengo jipya litakalokuwa rafiki wa mazingira. Zege na chuma cha zamani vilikwisha kuchoma makaa na mafuta yake siku vilipotengenezwa. Sasa vinakuwa kifusi ili tuchome mengine, na jani linatabasamu tu.

Kinachonikera zaidi ni kodi. Nchini Uingereza, anayejenga nyumba mpya ya kuishi hutozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 0, ilhali anayekarabati nyumba iliyopo kwa kawaida hutozwa asilimia 20. Ni sawa na daktari wa meno anayeng'oa bure lakini kuziba anatoza. Mwenye nyumba wangu, ambaye hata bila kodi huona kubadilisha bomba linalovuja ni anasa, amepewa kisingizio chenye muhuri wa serikali.

Ajabu ni kwamba wanaopinga mchezo huu ni wasanifu majengo, watu ambao ungedhani wanakula kwa kuchora mapya. Jarida lao moja, Architects' Journal, lilianzisha kampeni ya RetroFirst, yaani ukarabati kwanza, mwaka 2019, likidai pamoja na mengine kwamba kodi hiyo ya ukarabati ipunguzwe. Huko Bordeaux, Ufaransa, wasanifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal pamoja na wenzao walikarabati nyumba 530 zilizomo ndani ya majengo ya ghorofa na kuziongezea vyumba vya vioo na roshani, wapangaji wakiwa humo humo ndani. Mimi hata taarifa ya vumbi sikupewa.

Mwaka 2025 wenzao wa Ulaya, kwa jina la HouseEurope!, wakaanza kusaka sahihi milioni 1 ili Umoja wa Ulaya utunge sheria za kuupa ukarabati kipaumbele. Nikachomoa kalamu mbio mbio. Kumbe wanaosaini ni raia wa Umoja huo tu, na Uingereza ilijitoa mwaka 2020. Mwingereza mwenyewe haruhusiwi, sembuse mpangaji wa bomba linalovuja.